Soma bakteria kwa kuanzia kwenye kikopo cha sampuli

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, hapa kwangu Mwanga, Kigoma, hawakosi kupita vijana wawili watatu waliochaguliwa kwenda kusomea udaktari au maabara. Swali lao ni moja: dada, hilo somo la bakteria linasomwaje? Mimi ni mtaalamu wa maabara, mwaka wa 11 sasa nachungulia hadubini, na somo hilo nililipatia sapu, yaani mtihani wa kurudia, mwaka wa pili. Najua vizuri nilipokosea, na ndicho ninachotaka wewe usikirudie.

Nilirithi madesa ya waliotutangulia, majedwali matupu: jina la bakteria, rangi yake, sumu yake, ugonjwa, dawa. Nikapiga msuli usiku kucha mpaka nikawa naweza kuyataja bila kutazama. Kwenye mtihani likaja swali la mtoto wa miaka mitatu anayeharisha damu na ana homa: utachukua sampuli gani, utaiotesha wapi (yaani utawakuzia wapi bakteria waliomo), utatarajia kuona nini? Habari za Shigella, bakteria wa kuhara damu, nilikuwa nazo zote kichwani, ila zilifunguka kwa jina tu. Mgonjwa haji na jina. Anakuja na choo kwenye kikopo.

Basi nunua kaunta buku moja nene, uligawe kwa sampuli: choo, mkojo, makohozi, damu, usaha, maji ya uti wa mgongo. Ukurasa wa kwanza wa kila sehemu andika wenyeji, yaani bakteria wanaoishi hapo siku zote bila kumdhuru mtu. Wanafunzi wengi wanaruka ukurasa huu, nami nakusihi usiuruke. E. coli kwenye choo ni mwenye nyumba. Huyohuyo akionekana kwa wingi kwenye mkojo wa mama mwenye maumivu chini ya kitovu, ni mshitakiwa. Makohozi yanapita mdomoni, na mdomo una watu wake. Kwa hiyo ukiletewa mate badala ya makohozi, utaotesha wenyeji wa mdomoni na kumpa daktari jibu la uongo. Damu na maji ya uti wa mgongo havina mwenyeji, ila sindano ikipita kwenye ngozi isiyosafishwa vizuri inaweza kumwingiza mgeni.

Ukishawajua wenyeji, ndipo uwaandike wahalifu. Kila mmoja mfuatilie safari yake: anaishi wapi, anaingiaje, akishaingia anafanya nini hasa, tutamwonaje, na nini kinamuua. Jambo la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, maana ukilielewa, dalili hutazikariri tena.

Tuchukue kipindupindu, ugonjwa ambao sisi watu wa ziwani hatuusomi kama habari za mbali. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kiliwakumba maelfu. Meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Sasa jiulize kwa nini choo cha kipindupindu ni kama maji yaliyooshea mchele, hakina damu. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, hali ukuta wa utumbo. Anajishikiza juu yake, anatoa sumu, na sumu hiyo inaziamuru seli zimwage chumvi. Maji yanaifuata chumvi. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Na kwa kuwa ukuta wenyewe mzima, mlango unaopitisha sukari pamoja na chumvi bado unafanya kazi, ndiyo maana ORS, ile dawa ya maji yenye chumvi na sukari, inaokoa maisha. Dalili, choo na tiba, vyote vimetoka kwenye jambo moja.

Mweke sasa Shigella pembeni yake. Huyu anaingia ndani ya ukuta na kuuchimba, hivyo damu, usaha na homa. Tena anatosheka na bakteria 10 hadi 100 kumwangusha mtu, kwa sababu asidi ya tumbo haimtishi sana. Vibrio huhitaji mamilioni, kwani wengi wao hufia kwenye asidi hiyo. Kwenye sahani ya TCBS, chakula maalumu cha kumwoteshea, Vibrio cholerae hutoa koloni (vishada vya bakteria) za njano, kwa kuwa anachachusha sukari iliyomo. Ukifika hapo, lile swali la mtoto wa miaka mitatu utalijibu huku unatabasamu.

Upakaji rangi wa Gram, unaowagawa bakteria makundi mawili kwa rangi, ufanye kwa mikono mpaka vidole vizoee. Hans Christian Gram aliubuni mwaka 1884, na hadi leo ndio unaotupa jibu la kwanza. Tandaza sampuli iwe nyembamba kiasi kwamba slaidi ikikauka unaweza kusoma maandishi yaliyo chini yake. Iache ikauke yenyewe, usiiharakishe, kisha ipitishe juu ya moto mara tatu. Kristali violeti dakika 1, osha. Ayodini dakika 1, osha. Halafu alkoholi, na hapa ndipo slaidi nyingi zinapofia: ni sekunde chache tu, acha mara zambarau inapokoma kutiririka, uoshe hapohapo. Malizia na safranini dakika 1.

Kwa nini wengine wanabaki zambarau na wengine wanakuwa wekundu? Mimi nilielewa siku nilipokaa Kibirizi nikiwatazama wavuvi wakikunja nyavu za dagaa. Wavu wa tabaka moja, kitu kidogo kinachomoka. Ukikunjwa mara nyingi na kukazwa, hakitoki. Ukuta wa Gram chanya, wale wanaobaki zambarau, ni wavu wa matabaka mengi; alkoholi inaukausha, unakaza, rangi inanasa ndani. Gram hasi, wale wanaokuwa wekundu, ana tabaka jembamba na juu yake utando wa mafuta. Alkoholi inayeyusha mafuta, rangi inakimbia, na safranini inakuja kumpaka wekundu. Ukizidisha alkoholi, hata Gram chanya atatoka mwekundu. Koloni iliyopita saa 24 nayo hudanganya hivyohivyo, kwa kuwa kuta zimechakaa. Kwa hiyo kila unapopaka, weka pembeni Staphylococcus (Gram chanya) na E. coli (Gram hasi) unaowajua. Wakitoka na rangi isiyo yao, slaidi yako yote usiiamini.

Wapo wasioonekana vizuri kwa Gram, na hao watengee ukurasa wao. Bakteria wa kifua kikuu amejifunika nta, anahitaji upakaji rangi mwingine, Ziehl-Neelsen. Tena anagawanyika mara moja kwa saa 15 hadi 20, wakati E. coli anaweza kugawanyika kila dakika 20. Ndiyo maana kumwotesha ni kazi ya majuma.

Mwingine ni wa homa ya papasi. Papasi, aina ya kupe, wanajificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, wanauma usiku, na alfajiri hawaonekani. Mwaka 1905 Joseph Everett Dutton aliugua homa hii akiitafiti, akafia Kasongo, ng'ambo ya ziwa letu, na bakteria huyo anaitwa Borrelia duttonii kwa jina lake. Homa inapanda, inashuka, inarudi, kwa kuwa bakteria anabadilisha protini za juu ya mwili wake kila kinga inapomtambua. Damu ichukuliwe homa ikiwa juu, ipakwe rangi ya Giemsa. Ukiwa unatafuta malaria kwenye slaidi, macho yako yazoee pia kumtafuta huyu aliyejisokota katikati ya chembe nyekundu. Asiyemfikiria hampati.

Jambo moja linaniuma nalo ni taifodi. Watu wengi wanaambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widal cha mara moja tu. Kipimo kile kinaonyesha askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ugonjwa wa zamani, au wameitwa na Salmonella mwingine. Kuotesha damu, hasa wiki ya kwanza ya homa na kabla ya antibayotiki, ndiko kunakompata bakteria mwenyewe na kukuwezesha kupima dawa zipi zitamuua. Usugu wa dawa unalishwa na majibu ya kubahatisha, na wewe utakuwa unaandika majibu hayo.

Mitihani ikikaribia, funga daftari. Mwambie mwenzako akutungie mgonjwa: umri, anakoishi, dalili, siku za kuugua. Wewe sema kwa sauti sampuli, rangi, sahani, jibu. Mkwamo ukitokea, fungua ukurasa wa sampuli hiyo tu. Sisi tuliorudia mtihani tulikaa wanne jioni tukifanya hivyo, na wote tulifaulu.

Ukirudi likizo, omba barua ya chuo uje maabara japo wiki mbili. Kucha fupi, viatu vya kufunika vidole, na chakula kibaki nje. Siku ya kwanza utaoshwa mikono mpaka uchoke, siku ya pili nitakupa slaidi.