Picha 74 za Nyiragongo: jinsi nilivyozitoa ukumbini zikafika Bukavu

Balbu ya projekta yangu ilikufa nikiwa kwenye dia ya 31 (dia ni kipande cha filamu kinachomulikwa ukutani), mbele ya wanafunzi waliojaa ukumbi wa parokia hapa Goma. Ni balbu ya halojeni, volti 24, wati 250. Niliuzunguka mtaa wa biashara wa Birere wote sikuiona, na Kodak wenyewe waliacha kutengeneza projekta za dia mwaka 2004. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekuja kutoka Bukavu akaniambia, "Papa, si uzitume tu kwenye simu, na watoto wangu waone." Hiyo "tu" yake ilinila miezi mitano.

Mimi ni fundi wa redio. Mlima Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ni ugonjwa wangu wa Jumapili. Mazungumzo yangu yanachukua dakika 50: kwa nini lava ya Nyiragongo inakimbia kama maji, nini kilitokea tarehe 10 Januari 1977, kisha 17 Januari 2002, kisha 22 Mei 2021. Picha zilikuwa 74. Dia za filamu 57, na nyingine 17 nilizokuwa nikizionyesha kwa kompyuta. Kama nawe una sanduku la namna hiyo, la ndege, la mashua, la harusi za zamani, fuata njia niliyopita, uyaruke mashimo niliyotumbukia.

Anza na daftari. Usiguse skana, usinunue mega za intaneti. Chora safu nne: namba ya picha, kinachoonekana, nani alibonyeza, amekubali nini. Safu ya tatu ndiyo itakayokutoa jasho. Yangu ilitoka hivi: 38 nilipiga mwenyewe, 19 zilitoka kwenye kisanduku nilichonunua, 9 nilizichota kwenye intaneti, 5 za rafiki, 3 ramani.

Hata zile 38 zilinidanganya. Dia ya 12 inanionyesha mimi mwenyewe nimesimama ukingoni mwa kreta, moshi nyuma yangu. Sasa nani alibonyeza? Kamera ilikuwa yangu, filamu yangu, lakini kidole kilikuwa cha kijana aliyenibebea mzigo kutoka Kibati, pale njia ya kupanda mlima inapoanzia. Mwenye haki ni aliyeipiga picha, kamera iwe ya nani. Nilipanda pikipiki hadi Kibati, nikauliza, nikampata. Siku hizi ana wajukuu. Akacheka sana. "Papa, weka tu, ila jina langu liandike vizuri." Nikaliandika mbele yake, herufi kwa herufi. Kwa zile nyingine 37 hakuna karatasi ya kuomba popote: nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na chini ya mkataba huo haki inazaliwa pamoja na picha, bila mhuri wala kujiandikisha.

Kisanduku ndicho kilichoniuma. Nilikinunua kwa dola 15 kwenye nyumba ya mgeni aliyekuwa anahama, miaka mingi iliyopita. Dia 19 nzuri ajabu, za mwaka 1977, fremu zimeandikwa kwa kalamu "Goma, 1.77" na basi. Nilijiona tajiri. Lakini nilichonunua ni plastiki na filamu. Haki ya kuzinakili na kuzisambaza haikuwemo ndani ya zile dola 15. Sheria yetu ya hakimiliki, ile Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, kwa kawaida inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ubelgiji na Ufaransa ni miaka 70. Sasa piga hesabu. Tuseme aliyebonyeza alifariki 1990: kwa hesabu ya miaka 50 unangoja hadi mwisho wa 2040, kwa hesabu ya 70 hadi mwisho wa 2060. Na kama bado yu hai, saa haijaanza kuhesabu. Usijidanganye kwamba uko Goma basi sheria ya Goma inatosha. Ukiiweka picha kwenye intaneti inaonekana kila mahali, na mwenye nayo anaweza kudai kwa sheria ya nchi anakodai.

Kuna dawa kwa wafu wa zamani. Kadi za posta za Casimir Zagourski, yule mpiga picha wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), hazina shida tena: alifariki 1944, kwa hiyo hata miaka 70 iliisha mwisho wa 2014. Kwa hiyo jina na mwaka wa kifo vina thamani kuliko uzuri wa picha. Kisanduku changu hakikuwa na jina wala kifo. Niliuliza kwa mapadri, kwa wazee wa mtaa wa Himbi, hata kwenye nyumba ile ile nilikokinunua, kimya. Dia 19 zikarudi kabatini.

Ila jambo lililotokea si mali ya mtu. Kwamba kuta za mlima zilipasuka, ziwa la lava likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja: hiyo ni habari, ieleze upendavyo. Nilikaa na rula na kalamu za rangi za mjukuu wangu nikachora michoro sita badala ya zile dia. Kinachokatazwa ni kuunakili mchoro wa kitabu mstari kwa mstari. Funga kitabu kwanza, ndipo uchore.

Zile 9 za intaneti niliziandikia "Google" kwenye safu ya tatu. Hiyo ni sawa na kuulizwa nyanya hizi ni za nani ukajibu "za sokoni". Rudi kila picha hadi ukurasa wake wa kwanza. Tano zilikuwa za mashirika ya habari. Nikazifuta bila mjadala. Moja ilikuwa ya NASA: picha zao kwa kawaida hazina hakimiliki, unawataja, hubandiki nembo yao kana kwamba wamekutuma, na unasoma maelezo ya chini kwa sababu baadhi ya picha kwenye kurasa zao ni za watu wengine. Moja ilitokana na satelaiti ya Sentinel, ya mradi wa Ulaya uitwao Copernicus. Data hizo ni bure, wanadai utaje Copernicus Sentinel na mwaka wa data. Mbili nilizitoa kwenye akaunti ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, huko Flickr, tovuti ya picha, ambako picha zao nyingi zina leseni ya CC (Creative Commons) BY-SA 2.0, yaani mwenyewe ameshakuruhusu kwa masharti.

Hizo herufi zisome kama unavyosoma dawa. BY: taja jina. SA: ukiikata au kuichorea mishale, picha uliyoibadilisha uitoe kwa leseni ile ile. NC: isiingie kwenye biashara, na mimi video yenye matangazo naihesabu biashara hata ukipata sifuri. ND: ukishaibadilisha usiisambaze. Mimi nilikuwa nimechora mshale mwekundu juu ya picha moja ya SA, kwa hiyo chini yake nimeandika jina, leseni, na "mshale nimeongeza mimi".

Ramani tatu nilizitupa, nikazitengeneza upya juu ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo inataka utaje wachangiaji wake.

Rafiki yangu mwenye zile picha 5 za kanisa kuu la Saint-Joseph likiwa magofu baada ya 2002 alishaniambia kwa mdomo, "Tumia." Neno la mdomo linasahaulika, na watoto wake hawakulisikia. Nilimwandikia hivi, unaweza kunakili:

"Ndugu yangu, salamu kwa mama na watoto. Zile picha tano za kanisa ulizonipa, nimekutumia hapa chini kila moja na namba yake. Nataka kuziweka katika video yangu ya mlima, kwenye YouTube na kwenye Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, bila kuuza. Watu wataweza kuipakua na kuionyesha shuleni. Jina lako litaandikwa chini ya kila picha. Unakubali zote, au zipo unazozuia? Nijibu kwa maandishi, si kwa sauti."

Alijibu kwa maneno manne. Nimeyapiga picha ya skrini na kuyahifadhi mahali pawili. Yeye pia ndiye aliyenionya kuhusu sura: katika picha zangu mbili za foleni ya maji, kuna mama anayelia. Sheria au si sheria, nimezifunika nyuso zile.

Sasa pesa. Duka la picha liliniomba dola 1 kwa kila dia. Nilikataa, nikafanya kwa simu. Chukua tableti, fungua ukurasa mweupe, mwangaza hadi mwisho. Usiilaze dia juu ya kioo moja kwa moja, vinginevyo utapiga na vidoti vya skrini. Iinue sentimita tatu au nne kwa viberiti viwili, na katikati weka karatasi nyembamba ya kuchorea. Zungushia boksi jeusi ili mwanga wa dirisha usiingie. Vumbi lipulize kwa kile kipira cha kusafishia masikio, kikiwa kikavu. Usifute kwa shati, utachuna. Upande usiong'aa ndio wenye picha: ukiukosea, mji wote unageuka kushoto-kulia. Mimi nagundua kwa vibao vya maduka. Dia ni milimita 24 kwa 36, na simu ya megapikseli 12 ikiijaza fremu inakupa kama pikseli 4,000 kwa upana. Kwa skana, 2,400 kwa inchi zinakupa kama 3,400. Vyote vinatosha na kubaki.

Ukishahifadhi asili, tengeneza nakala ndogo za pikseli 1,920. Zangu zilitoka wastani wa kilobaiti 400 kila moja. Picha zilizobaki ni 56, kwa hiyo megabaiti 22 hivi. Sauti nilirekodi usiku, kichwa kikiwa ndani ya kabati la nguo, kwa kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 50 ni sekunde 3,000, zidisha kwa 64, gawanya kwa 8, utapata kilobaiti 24,000, yaani megabaiti 24. Jumla 46. Mtu wa Bukavu anazipakua bila kuuza mbuzi. Video ni kubwa zaidi, hiyo niliipandisha saa nane za usiku kwa forfe (bando) ya usiku. YouTube haipokei zaidi ya dakika 15 mpaka uthibitishe akaunti kwa namba ya simu. Fanya hivyo mapema, mimi nilijua baada ya kuunguza mega zangu. Internet Archive pia ni bure. Huduma za kulipia kila mwezi kwa kadi niliziacha: mabenki ya hapa yalifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, na hata kabla ya hapo sikuwa na kadi.

Kwa yule mwalimu nilituma pia kadi ya memori kwa boti. Ilifika kabla ya video kumaliza kupanda.

Kosa langu la mwisho lilikuwa rumba. Niliweka sekunde 40 za wimbo mwanzoni, nikidhani kifupi hakihesabiwi. Mtambo wa Content ID wa YouTube uliutambua saa hiyo hiyo. Kuomba ruhusa kungenipeleka kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi pia, safari mbili tofauti. Nikautoa, nikaweka mlio wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye barabara ya mawe, niliourekodi mwenyewe mlangoni kwangu.

Video nimeitoa kwa CC BY-SA, baada ya kulala juu yake wiki nzima, maana leseni hiyo ukishaitoa huwezi kumnyang'anya aliyekwisha kuipokea. Mwishoni nimeorodhesha picha zisizo zangu na masharti yake, kwa sababu siwezi kugawa cha mwenzangu.

Dakika ya 19 skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde 20. Ni mahali pa dia moja ya kisanduku. Nasema tu ninachokiona nikiiinua dirishani: mama mmoja, mwaka 1977, anatembea juu ya lava iliyopoa, cherehani kichwani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.