Kupogoa mwembe mkubwa baada ya mavuno

Miembe mingi ya viwanjani Malindi imeachwa mpaka ikazidi paa. Embe za juu huliwa na popo, na matawi ya ndani hayaoni jua. Mti wa namna hiyo haushushwi kwa mkupuo. Gawa kazi kwa misimu miwili au mitatu, na kila msimu usiondoe zaidi ya robo ya majani. Ukizidisha, mti utachipua majani matupu na kusahau maua.

Kata mara embe za kaskazi zikiisha, Februari au Machi, masika hayajaingia. Kidonda hupata ukavu kabla ya mvua kuleta ukungu. Tena maua ya mwembe hutoka kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa, kwa hiyo anayekata Juni au Julai huwa anakata embe za msimu unaokuja.

Andaa msumeno wenye meno makali, mkasi wa kupogolea, kamba na spiriti ya kupangusia vyuma kila unapohamia mti mwingine. Panga liache nyumbani; linapasua gome. Vaa mikono mirefu, maana utomvu wa mwembe huwasha na kuunguza ngozi. Ukikuta maji moto, wale chungu wanaoshona majani, usiwachome moto. Jipake majivu mikononi na uliache tawi lenye kiota ikiwezekana: wanakufukuzia nzi wa matunda.

Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kisha fungua katikati ya mti mpaka jua la saa sita lidondoke madoamadoa chini. Watu wengi hukata vitawi vya pembeni tu, mti ukapendeza kwa nje na ndani ukabaki giza lenye unyevu, makao ya ugonjwa wa madoa meusi.

Tawi nene likatwe mara tatu. Lifunge kamba kwanza. Kata ya kwanza iwe kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, iingie theluthi ya unene. Ya pili iwe kwa juu, sentimita 5 mbele ya ile ya kwanza, tawi lianguke. Ukianza juu moja kwa moja, uzito wa tawi utachuna gome hadi shinani, na jeraha hilo halifungiki upesi. Kata ya tatu inaondoa kipande kilichobaki. Tafuta ule uvimbe ulio kama pete pale tawi linapotoka, ukate nje yake tu. Ukiukata uvimbe wenyewe, kidonda hakizibi. Ukiacha kigutu kirefu, kinaoza na mchwa wanaingia. Rangi ya mafuta juu ya kidonda haina kazi.

Lakini gome lililokuwa kivulini na sasa linapigwa na jua hupasuka. Lipake chokaa iliyozimuliwa kwa maji, nyepesi kama ya kupakia ukuta.

Machipukizi yatatoka kwa fungu. Yakifika urefu wa shibiri, acha mawili au matatu yanayoelekea nje, mengine yavunje kwa mkono. Masika yakianza, weka madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza chini ya ukingo wa matawi, si shinani, kwa sababu mizizi inayokula iko huko nje.