Datsun 240Z inapogoma kuwaka ikiwa ya moto

Asubuhi inawaka kwa stata moja. Saa saba mchana unaizima kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, robo saa baadaye unapiga stata, injini inazunguka weee, haishiki. Ukiiacha saa nzima kivulini, inawaka kama haikuwa na neno. Hapo ndipo watu hununua koili (inayokuza umeme wa cheche), pampu na betri kwa mpigo. Usinunue kitu kabla hujapima, na upime wakati bado inagoma, dakika 10 hadi 30 tangu uizime. Ikishapoa, hata fundi mzuri ataambulia kubahatisha tu.

Kwa 240Z, ile iliyoshinda mbio za Safari 1971 na 1973, chanzo kikubwa ni jinsi ilivyoundwa. Kabureta zake mbili aina ya SU, zinazochanganya petroli na hewa, zimekaa juu ya ekzosi, upande uleule. Ukizima, feni na maji vinasimama, lakini chuma cha ekzosi bado kinawaka joto, nalo linapanda hadi kwenye bakuli za kabureta, vikombe vinavyoweka petroli. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo hapa inachemka mapema kuliko Dar.

Tafuta multimita, spana ya plagi, plagi ya akiba, kitambaa, chupa ya maji na kizima moto. Kisha lichokoze tatizo lenyewe: panda kilima cha Bugando mara mbili, simama juani, zima, funga boneti, subiri dakika 15.

Anza na sikio. Stata ikizunguka kivivu au ikigonga "ta" na kunyamaza, achana na kabureta. Mtu apige stata huku unapima betri: ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka. Ikiwa nzima, pima kati ya chanya ya betri na boliti kubwa ya stata. Zaidi ya volti 0.5 maana yake waya au vichwa vyake vimeoza. Pima hivyohivyo upande wa ethi, yaani hasi ya betri na chuma cha injini. Waya mwembamba unaotoka swichi hadi stata nao huzeeka, na ukipata moto ndipo unapopoteza nguvu. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 30 karibu na stata huumaliza ugonjwa huo.

Stata ikizunguka vizuri, angalia cheche. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya mmoja, ilaze kwenye chuma cha injini mbali kabisa na kabureta. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Ya njano, nyembamba, inaelekeza kwenye koili au kondensa, kile kikopo kidogo cha distribyuta. Koili ya omu 1.5 lazima iwe na rezista yake ya kupunguza umeme. Fundi akiiruka rezista, koili inaungua polepole, na dalili ya kwanza ni hii ya kugoma ikiwa ya moto. Pointi za distribyuta, zile zinazofunguka na kufunga ili cheche itoke, ziwe na nafasi ya milimita 0.5 hivi.

Cheche ipo? Sasa chomoa plagi moja ya injini, uinuse.

Ikiwa imelowa, petroli imechemka bakulini na kufurika. Usivute choki. Kanyaga ekseleta hadi chini, ishikilie hapo, piga stata sekunde 10. Kukanyagakanyaga hakusaidii: SU haina kipampu cha kurushia petroli (kabureta ya Weber inacho, na kwake kukanyaga ndiko kunakoizidisha). Ikifurika kila siku, kagua sindano na boya la kila bakuli, vinavyozuia petroli likijaa, kisha pima presha ya petroli. SU inataka psi 3 hadi 4. Ukikuta mtu kafunga pampu ya gari la injekta, inayosukuma psi 40 na zaidi, hakuna sindano itakayoizuia. Gari iliyotuniwa Dar nayo ikija huku petroli inazidi kwa hewa iliyopo. Pandisha nati ya chini ya kila kabureta robo mzunguko, zote mbili sawa, ujaribu tena.

Ikiwa kavu, petroli haifiki. Tazama chujio la kioo wakati stata inazunguka: mapovu, au tupu kabisa, ni mvuke umeziba njia. Funga kitambaa chenye maji kwenye pampu na bomba lake, subiri dakika tatu. Ikiwaka, umempata mwizi. Fungua na mfuniko wa tanki; ukisikia hewa ikivutwa ndani "fyuuu", njia ya tanki ya kupumulia imeziba.

Hapa kosa tunalokutana nalo zaidi ni bomba la kurudisha petroli tankini. Likishika kutu, mtu analikunja na kulifunga, basi. Bomba hilo ndilo linaloondoa mvuke na petroli ya moto. Lirudishe, na usikipanue kile kitundu chembamba kilichomo, maana presha itaanguka. Rudisha pia bati la kukinga joto chini ya kabureta na vipande vya bakelaiti (plastiki ngumu ya kuzuia joto) kati ya kabureta na manifoldi. Mpira uwe wa petroli, si ule wa plastiki wa maji.

Rejeta ioshwe kutokea upande wa injini, kwa sababu wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hujaa kwenye mapezi yake. Thamostati isitolewe, ya nyuzi 76.5 inafaa huku.

Ukishamaliza, rudia Bugando, dakika zilezile 15. Na foleni ikiwa ndefu, legeza boneti hadi kwenye kishikio chake cha pili: ya 240Z inafunguka upande wa kioo, joto linatoka lenyewe. Kumbuka kuifunga kabla hujaingia kivukoni.