Kabla hujafungua nati ya chini: maandalizi ya kubadili oili ya giaboksi ya oto nyumbani

Pikapu yangu iliwahi kukaa siku nne uani bila kusogea, giaboksi tupu, kwa sababu ya nati moja. Nilianza Jumamosi saa tisa alasiri, hapa Pasua, Moshi, nikiamini kazi ni ya saa moja tu: mwaga, jaza, washa. Nikafungua nati ya chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, oili nyeusi ikashuka vizuri, nikafurahi. Kisha nikageukia ubavuni mwa giaboksi kufungua nati ya kujazia. Haikutoka. Ilikuwa imeng'ang'ana kwa kutu, na spana yangu ikala pembe zote za kichwa chake. Jumapili ya Moshi unaijua: maduka ya spea yamefungwa, na fundi ukimpata amevaa suti ya kanisani. Gari la oto lisilo na oili kwenye giaboksi hulisogezi kwa injini yake hata hatua mbili, maana pampu iliyo ndani itasaga ukavu. Likabaki pale hadi Jumatano.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuifanya kazi hii mwenyewe, namwambia hivi: nati ya kujazia ifunguke kwa mkono wako kabla hujaigusa ya kumwagia. Siku moja au mbili kabla, ipulizie dawa ya kulegeza kutu. Tumia soketi ya pembe sita, siyo ya pembe kumi na mbili ambayo huteleza na kuviringa kichwa cha nati. Ikishalegea, irudishe kwa vidole, ndipo ushuke chini. Kama gari lako lina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, umebahatika, kwa sababu bomba la kijiti ndilo mdomo wa kujazia. Pikapu nyingi za siku hizi hazina kijiti.

Hakikisha pia kwamba nati unayoishika ni ya giaboksi kweli. Pikapu ya 4x4 chini yake ina nati nyingi: ya sampu ya injini, ya giaboksi, ya transfa (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), za difu ya mbele na ya nyuma. Watu wamemwaga oili ya transfa wakidhani ni ya giaboksi, kisha wakaongeza oili mpya kwenye giaboksi ambayo tayari ilikuwa imejaa. Pata mchoro wa gari lako hasa, kwa modeli na mwaka, ulinganishe na unachokiona kabla hujashika spana. Alama ya chaki kwenye kila nati inasaidia.

Lakini hata kabla ya nati, jiulize giaboksi ina hali gani. Pikapu za huku hazilelewi. Inapakia ndizi Kibosho, inashuka sokoni, inapanda tena na mifuko ya saruji. Kupanda mlima polepole na mzigo ndiko kunakoichosha oili ya oto, kwa sababu ndani ya tokikonveta, kiungo cha injini na giaboksi, nguvu hupita kwenye oili yenyewe, na oili inapokorogwa sana huku gari likienda taratibu, joto hupanda. Oili iliyopikwa namna hiyo hupoteza nguvu yake mapema kuliko kitabu kinavyosema. Wengine wameuziwa gari kwa maneno kwamba oili ya oto ni ya maisha. Ni ya maisha ya giaboksi, na giaboksi ya Kibosho maisha yake hayalingani na ya barabara ya tambarare.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ulitazame mchana. Nyekundu au kahawia nyepesi, endelea na mipango. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na gari linateleza gia (injini inanguruma, gari halivuti) au linapiga teke ukiweka D, basi oili mpya haitafufua kilichokwisha. Hapo tafuta fundi wa oto kwanza. Ikiwa ya waridi yenye weupe kama maziwa, kuna maji ndani. Mara nyingi yanatoka kwenye rejeta, kwa sababu magari mengi hupozea oili ya giaboksi kwenye mrija uliopita ndani ya rejeta. Ukibadili oili bila kutengeneza rejeta umepoteza pesa, maana maji yatarudi.

Utamsikia pia mtu akisema oili ya zamani isiguswe, ukiibadilisha giaboksi inakufa. Mimi naona hapo kisababishi na matokeo vimegeuzwa. Wengi hukumbuka oili pale giaboksi inapoanza kusumbua. Wanabadili kama dozi ya mwisho, mgonjwa anakufa, dawa inalaumiwa. Giaboksi inayobadili gia vizuri haidhuriwi na kumwaga na kujaza kwa kawaida. Kusukuma oili yote kwa mashine ya presha ni jambo jingine, na si kazi ya uani.

Sasa oili yenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Ukifika dukani ukasema unataka haidroliki ya giaboksi, utapewa chupa ya kitu chekundu. Niliwahi kumwuliza muuzaji, "Mangi, hii ndiyo ya gari langu kweli?" Akanijibu, "Meku, hizi zote ni zile zile, tazama rangi." Rangi hutiwa tu ili uvujaji utambulike. Oili za oto zina aina nyingi: WS ya Toyota ni nyekundu, T-IV ya Toyota ni nyekundu, Dexron ni nyekundu, na hazibadilishani. Toyota zilizotoka katikati ya miaka ya 2000 kuja huku nyingi zinataka WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV iliyoitangulia. Za zamani zaidi zilitumia Dexron II au III. Ford Ranger ya gia sita iliyoanza 2011 inataka Mercon LV, na ile ya gia kumi inataka Mercon ULV. Mitsubishi L200 za kizazi cha 2005 zinataka SP-III. Oili ya CVT (giaboksi ya oto isiyo na gia za hatua) usiiguse kabisa kwa giaboksi hizi.

Jina sahihi utalipata kwenye kitabu cha gari, au limechongwa kwenye kijiti cha kupimia kama kipo. Kama gari ni la mnada wa Japani na kitabu ni cha Kijapani, herufi na namba za aina ya oili zinasomeka hata hivyo. Andika kwenye karatasi uende nayo dukani, na usikubali neno "inafanana". Kagua kifuniko cha chupa kama kimewahi kufunguliwa. Ikiwa bei iko chini sana kuliko maduka mengine matatu, jiulize kwa nini. Mimi hununua Alhamisi au Ijumaa, ili nikigundua kosa bado nina muda wa kurudi mjini, na huomba kabisa kwamba chupa ambayo sijaifungua nitairudisha.

Ununue lita ngapi? Giaboksi ya pikapu mara nyingi inabeba karibu lita 10 kwa jumla, lakini ukifungua nati ya chini hutoka lita 2 hadi 4 tu. Nyingine imebaki kwenye tokikonveta na mirija. Tuseme inabeba 10 na zimetoka 3. Ukijaza 3 mpya, una asilimia 30 ya oili mpya. Ukirudia baada ya kuendesha siku chache, unafika 51. Mara ya tatu, karibu 66. Ndiyo maana siamini kubadili mara moja kunatosha kwa oili iliyochoka. Nunua za mzunguko wa kwanza na lita moja ya akiba, halafu upange mizunguko mingine miwili ndani ya mwezi kama mfuko unaruhusu.

Kushusha sampu ili kubadili chujio ni uamuzi wa kufanya mapema, siyo ukiwa umelala chini. Kama sampu yako ina nati ya kumwagia na hii ndiyo mara yako ya kwanza, ushauri wangu ni kuiacha. Zipo gari ambazo sampu haina nati hiyo, na hapo huna njia nyingine. Ukiishusha, uwe tayari na gasketi mpya na chujio la aina hasa ya giaboksi yako. Boliti za sampu ni ndogo na hukazwa kidogo mno, mara nyingi chini ya Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwenye alumini. Mkono uliozoea nati za magurudumu utakata uzi bila kujua. Azima spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu unayokazia. Tope laini la kijivu kwenye sumaku za sampu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Hata usiposhusha sampu, washa mpya (pete ya kuzibia) ya nati ya kumwagia ununue, ni kitu cha bei ndogo.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi mpaka limewafika ni kupima. Giaboksi isiyo na kijiti hupimwa kwa nati ya tatu, ile ya kufurikia, ambayo kwenye baadhi ya Toyota imeandikwa CHECK. Gari likiwa limesimama sawasawa, injini inaunguruma, gia umezipitisha zote taratibu kisha ukarudi P, unaifungua nati hiyo oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kitabu. Kwa Toyota nyingi ni kati ya nyuzi 35 na 45. Oili ikitoka mkondo, subiri mpaka iwe matone, ufunge. Isipotoka, ongeza. Oili hutanuka ikipata joto, kwa hiyo ukipima ikiwa ya moto sana utadhani imejaa kumbe imepungua. Ikipungua gia zinateleza na kuungua, ikizidi hupigwa povu, na povu halisukumi gia.

Maana yake unahitaji namna ya kusoma joto. Kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari chini ya usukani, kinachotuma namba kwenye simu, kinafaa, ila hakikisha siku moja kabla kwamba kinasoma joto la giaboksi, siyo la injini tu. Bunduki ya kupima joto ukiielekeza kwenye sampu hukupa makisio. Na anza asubuhi. Mwezi wa pili hapa Moshi, saa saba mchana oili iliyolala tu uani inakaribia nyuzi 30, ukiwasha injini muda wako wa kupimia unafika na kupita ukitafuta tochi. Ndugu zetu wa Ngaramtoni kwenye baridi ya mwezi wa saba wana shida ya kinyume, watasubiri mpaka chai ipoe.

Kwa sababu hiyohiyo sakafu iwe tambarare. Viwanja vyetu vingi vimeegemea mlima. Ukidhani uani kwako ni sawa, weka pimamaji kwenye fremu ya gari uone. Uzuri wa pikapu ni kwamba iko juu, na asiye na kitambi anaingia chini bila jeki. Kama ni lazima iinuliwe, iinue pande zote nne kwa urefu mmoja, juu ya stendi za chuma, na mawe makubwa kwenye magurudumu wakati wa kuinua. Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kulalia chini yake. Tofali la saruji lisikaribie kazi hii kabisa, linapasuka bila kutoa taarifa. Na usiwe peke yako nyumbani.

Tundu la kujazia likiwa ubavuni, faneli ya kawaida haiingii. Mpira mrefu unaoonyesha ndani, kutoka kwenye boneti hadi kwenye tundu, na faneli juu yake, unatosha kama kuna mtu wa kumimina huku wewe umeshika ncha. Mpira uwe mpya au umeoshwa. Siku moja kabla, peleka gari likaoshwe chini kwa presha, hasa kipindi cha vumbi, ili mchanga usidondoke kwenye tundu. Zile nyuzi za pamba za kufutia gereji usizitumie karibu na giaboksi. Uzi mmoja ukiingia kwenye valvu ndogo za ndani utautafuta kwa milioni. Usimwage oili punde tu ukitoka kupanda mlima wa Marangu, ngoja ipoe iwe vuguvugu.

Oili chafu ipime. Chupa tupu za maji za lita moja na nusu zinafanya kazi hiyo vizuri: zijaze, zipange, uhesabu, na kiasi hichohicho kirudi kabla ya kuanza kupima kwa nati ya kufurikia. Kisha iwe na pa kwenda. Mfereji unaopita nyuma ya nyumba unakwenda kwenye migomba ya mtu. Mafundi wengi huipokea, na wapo wanaoitaka kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Mimi huweka dumu la lita 10 pembeni kabla sijalala chini ya gari, na kifuniko chake nakitia mfukoni, kwa sababu kifuniko ndicho watu husahau, na mbuzi wa jirani akikatiza uani haangalii anapokanyaga.