Namna ya Kupima Ubora wa Maghorofa Marefu: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Kigoma

Mvuvi wa dagaa anayerudi Kibirizi alfajiri huuona mji wa Kigoma kabla jua halijatokeza juu ya vilima vilivyo nyuma yake. Kwa muda huo mfupi hakuna rangi, hakuna madirisha wala maandishi ya ukutani. Kuna umbo jeusi tu la vilima, miembe na mapaa, na kwa umbo hilo yeye hujua mahali pa kuelekeza mtumbwi. Hatua ya kwanza ya kupima ubora wa maghorofa marefu ya mji wowote ni hiyo hiyo: yatazame kwa mbali, jua likiwa nyuma yake, wakati ambapo huoni kitu kingine isipokuwa umbo. Mji wetu hauna maghorofa ya namna hiyo. Wengi wetu huyaona tunaposhuka Dar es Salaam baada ya safari ya reli ya kilomita zipatazo 1,250, au tunapotazama picha za Nairobi, Dubai na New York. Hiyo si kasoro, kwa maana jicho lililozoea mji wa chini huona mambo ambayo mkazi wa jiji ameshaacha kuyatazama.

Ukifika Dar es Salaam, panda kivuko cha Magogoni uvuke hadi Kigamboni mnamo saa kumi na mbili jioni, kisha geuka uutazame mji. Kwetu jua huchomoza nyuma ya mji na kuzama ziwani, upande wa Kongo. Kule, ukiwa Kigamboni, huzama nyuma ya mji, na minara yote hubaki weusi mtupu. Finya macho kidogo, chukua penseli, uchore kila jengo kwa mistari isiyozidi mitano. Jengo ambalo mwenzako atalitambua katika mchoro huo lina umbo lililofikiriwa. Lile ambalo halitambuliki mpaka uandike jina lake chini halina. Jumba la mikutano la KICC (Kenyatta International Convention Centre) la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1973 na kubuniwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei akishirikiana na Mkenya David Mutiso, hufaulu jaribio hili bila shida ingawa limekwisha kupitwa kimo na majengo kadhaa ya jiji hilo. Lina mnara wenye pembe nyingi, kofia pana kileleni, na kando yake ukumbi wenye paa lililochongoka kama nyumba ya msonge, na hata mtoto akilichora utalijua.

Hata hivyo, kutambulika hakutoshi, na hapa ndipo watazamaji wengi hukosea. Mnara wa Montparnasse wa Paris, uliokamilika mwaka 1973 ukiwa na kimo cha takriban mita 210, hutambulika kutoka karibu kila pembe ya jiji hilo, na kosa lake ni hilo hilo: umesimama peke yake, mweusi na mkubwa, katikati ya mji ambao mapaa yake yalikuwa yamekubaliana kimo kwa vizazi kadhaa. Wakazi waliuchukia kiasi kwamba mwaka 1977 jiji lilizuia majengo mapya ya kuzidi mita 37. Kwa hiyo swali la pili ni la ujirani: mnara huu umewafanyia nini waliokuwapo kabla yake? Kandokando ya bandari ya Dar es Salaam yapo makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo vilele vya mji kwa mtu anayeingia kwa meli. Sasa minara ya ofisi imesimama karibu nayo. Simama mahali kadhaa uone ni wapi minara ya kengele bado inasomeka vizuri na ni wapi imemezwa na ukuta wa vioo ulio nyuma yake. Jengo refu linaloacha nafasi ya anga nyuma ya jirani yake mfupi limebuniwa na mtu aliyetoka nje ya kiwanja chake akatazama.

Baada ya umbo na ujirani, pima uwiano. Nyoosha mkono ulioshika penseli, pima upana wa jengo kwa kidole gumba, kisha hesabu upana huo unaingia mara ngapi katika kimo. Jengo ambalo kimo chake ni mara mbili tu ya upana huonekana zito kama kabati, hata likiwa na ghorofa thelathini, ilhali lile la mara sita au saba huanza kupanda kweli machoni. Upo mnara wa makazi katika Mtaa wa 57 wa New York, wenye mita 435, ambao kimo chake ni kama mara 24 ya upana wake. Huo ni ushindi wa wahandisi, lakini ushindi wa uhandisi upewe alama zake peke yake, usichanganywe na uzuri.

Tazama pia kama jengo lina mwanzo, kati na mwisho. Louis Sullivan, msanifu wa Chicago, alieleza mwaka 1896 kwamba jengo refu lina ghorofa za chini zinazokutana na barabara, ghorofa nyingi za kati zinazofanana kwa sababu kazi zake zinafanana, na sehemu ya juu inayohitimisha. Hoja hiyo haijachakaa. Majengo mengi ya siku hizi hayahitimishwi. Hukatwa tu pale fedha au kibali kilipokomea, kisha matangi ya maji na minara ya simu huwekwa juu kana kwamba hakuna atakayeinua macho.

Umbo zuri mara nyingi lina sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja. Empire State ya mwaka 1931 inapungua upana kwa hatua kadiri inavyopanda kwa sababu sheria ya New York ya mwaka 1916 ilitaka majengo yarudi nyuma ili mwanga ufike barabarani. Mnara wa Sears wa Chicago, unaoitwa sasa Willis, wenye mita 442, ni mabomba tisa ya mraba yaliyofungwa pamoja kama fungu la mabua, ambayo baadhi hukomea ghorofa ya 50, mengine ya 66 na ya 90, na mawili tu hufika juu kabisa. Mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, ndiye aliyeufikiria muundo huo, na ukiutazama unaona kwa macho kinachoushikilia usianguke. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, ina mabawa matatu yanayopunguzwa kwa zamu ili upepo usikutane na umbo moja kutoka chini hadi juu. Sababu hiyo ni njema. Lakini zaidi ya mita 240 za juu za mnara huo ni sindano isiyokaliwa na watu, na mtu anayetoa alama kwa haki hana budi kutenga kimo kinachotumika na kimo cha kujionyesha.

Sasa nije kwenye jua, jambo ambalo mtu wa Kigoma ana haki kabisa ya kulisemea. Aliyejenga nyumba inayotazama ziwa anajua kinachotokea kuanzia saa tisa alasiri, wakati jua linaposhuka kuelekea milima ya Kongo na kuingia ndani kwa mlalo, likachoma kiti, pazia na mtu aliyeketi. Kwa kuwa hatuko mbali na mstari wa Ikweta, saa sita mchana jua huwa karibu utosini, na ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa kwa kibao cha zege cha upana wa kadiri tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi haukingwi kirahisi hivyo, kwa sababu jua lake ni la chini na hupita chini ya kibao. Basi zunguka jengo refu lolote la Dar es Salaam au Nairobi ujiulize swali moja: je, pande zake nne zinafanana? Kama kioo cha magharibi ni kile kile cha kusini, bila kikinga jua wala dirisha lililozamishwa ukutani, msanifu alinakili picha ya jengo la nchi ya baridi, na gharama ya kunakili huko hulipwa kila mwezi katika umeme wa viyoyozi. Hilo kwangu ni kosa zito kuliko kilele kibaya, kwa kuwa kilele kibaya huumiza macho ya mpita njia tu. KICC, kinyume chake, ilizamisha madirisha yake ndani ya kuta ili yapate kivuli.

Mfano unaonivutia zaidi si wa jengo refu sana. Eastgate ya Harare, iliyokamilika mwaka 1996 kwa ubunifu wa Mick Pearce, ilifuata kichuguu: hewa ya usiku yenye baridi hupitishwa ndani ya kuta na sakafu nzito, na joto la mchana hutoka kupitia mabomba yaliyo juu ya paa. Sisi tuliokulia kati ya vichuguu vikubwa tunapaswa kuuelewa mfano huo upesi kuliko wengine. Na kama mtu anadhani jua ni tatizo la nchi za joto peke yake, akumbuke mnara wa Mtaa wa Fenchurch jijini London: ukuta wake wa vioo uliobonyea kama kijiko ulikusanya miale mwaka 2013 hadi ukayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa chini, na ikabidi vikinga jua viongezwe baadaye.

Kisha shuka chini. Upepo unaogonga ukuta mrefu huteremka hadi barabarani, na jengo lisilo na kibaraza kipana au ghorofa za chini zilizotokeza humwangushia mpita njia upepo huo kichwani. Tembea mzunguko mzima wa kitako cha jengo na uhesabu hatua zako: ngapi ziko mbele ya mlango, duka au kivuli cha kukaa, na ngapi ziko mbele ya ukuta mtupu, jenereta na lango la magari? Angalia mama lishe ameweka wapi meza yake, na bodaboda wanasubiri abiria upande gani, kwa kuwa watu hao wamekwisha kupima kivuli na upepo wa mahali pale. Mimi humpa mnara nusu ya alama zake zote kutokana na mita sita za kwanza kutoka ardhini.

Mazoezi ya hatua hii unaweza kuyafanya hapa hapa. Stesheni ya reli ya Kigoma, ya enzi ambazo reli ilifika ziwani mwaka 1914, si ndefu, lakini imekaa mwisho wa barabara ya Lumumba ili anayeteremka kutoka mtaa wa Mwanga aione kwa mbali, na matao yake humkinga abiria na jua na mvua kabla hajaingia ndani. Simama mbele yake ukiwa na daftari, andika umbo, jirani, uwiano, jua na kitako, halafu nenda na daftari hilo hilo unaposafiri.

Katika kila ukurasa andika tarehe, na uache nafasi chini yake. Zege lisilo na vidondosha maji, yaani kingo za kudondosha mvua mbali na ukuta, huota michirizi myeusi baada ya masika machache, na vibao vya rangi vilivyobandikwa huanza kuachia pembeni. Rudi baada ya miaka mitano, simama mahali pale pale saa ile ile, na ujaze nafasi uliyoiacha.