Kabla ya kufuta diski, nakili draiva zake
Ukinunua laptopu ya mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, na bado inawaka, usikimbilie kufuta diski upige (usakinishe) Windows upya. Nakili kwanza draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya laptopu kama waifai. Chomeka flashi, tengeneza folda "draiva" ndani yake, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kwa ruhusa ya Administrator, kisha andika: pnputil /export-driver * E:\draiva (E ni herufi ya flashi, yako yaweza kuwa D au F). Ukishapiga Windows, hakiki herufi tena, uzirudishe draiva kwa kuandika: pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install. Faida yake ni kubwa: Windows mpya ikikosa draiva ya waifai, hupati intaneti ya kuipakulia draiva hiyohiyo, na Windows 11 hukukwamisha palepale inapodai mtandao. Tumia flashi nyingine, si ile ya kupigia Windows, maana kuitengeneza ile hufuta kila kilichomo. Njia hii haisaidii ukitoka Windows ya biti 32 kwenda 64, wala kwa mashine iliyouzwa bila Windows. Hapo chomeka simu ya Android kwa waya, washa USB tethering (kuipa kompyuta intaneti ya simu kwa waya), upakue draiva. Kwa kawaida Windows huipokea bila draiva ya ziada.