Namna ya Kutunza Daftari la Nukuu na Kuzitafakari

Wasomaji wengi wana maneno waliyoyapenda wakayahifadhi mahali fulani, iwe ni kwenye simu, pembezoni mwa kitabu au kwenye kipande cha karatasi kilichosahauliwa ndani ya Msahafu, ndani ya Biblia au ndani ya kamusi. Maneno hayo huhifadhiwa, lakini ni mara chache kutafakariwa, kwa kuwa mtu akishayapenda hudhani ameshayaelewa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyafanyia kazi maneno ya aina hiyo, hasa yale yanayohusu kusoma, kuandika na kuishi, na unasimama juu ya jambo moja ambalo mimi nalishikilia sana: kabla hujaipeleka nukuu kwenye maisha yako, irudishe kwanza kinywani mwa aliyeisema na masikioni mwa aliyeambiwa.

Tafuta daftari gumu, lile ambalo wenye maduka huandikia madeni, na uipe kila nukuu ukurasa wake mzima. Nakili maneno kwa mkono sehemu ya juu, kisha uache nafasi iliyobaki wazi. Juu kabisa andika jina la msemaji, jina la kitabu au utenzi, ukurasa au ubeti, na tarehe uliyonakili. Usinakili kutoka kwenye picha iliyosambazwa yenye maua na jina la mtu maarufu chini yake, maana maneno mengi ya namna hiyo hayana kwao. Niliwahi kusoma kwenye matanga sentensi niliyotumiwa kwa simu, ikiwa na jina la mshairi mkubwa, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole imetoka katika shairi gani. Nilitafuta diwani zote nilizokuwa nazo bila kuiona. Tangu siku ile, neno nisilolijua kwao halipati ukurasa, hata likiwa zuri namna gani.

Unaponakili, usisahihishe lahaja. Chukua ubeti huu wa Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858 katika upwa wa kaskazini wa Kenya, upande wa Lamu, Pate na Siyu:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Hesabu mizani kwa vidole na utaona kila mshororo una 8. Sasa jaribu kuandika mshororo wa kwanza kwa Kiswahili cha darasani, yaani "njoo mbele uketi", na mizani inabaki 7, kina kimekufa, na sauti ya mama wa Siyu imetoweka. Ndiyo maana nasema nakili kama ulivyokuta, kisha tafsiri yako uiweke chini kwa kalamu ya rangi nyingine. Hesabu hiyo ya mizani pia ni kipimo kizuri cha nakala: mshororo wa utendi usiotimia 8 mara nyingi umeandikwa vibaya na mtu aliyekutangulia.

Baada ya kunakili, jiulize maswali matatu: ni nani anayesema, anamwambia nani, na nini kilikuwa kimetokea kabla hajafungua kinywa? Kwa ubeti huu majibu yapo ndani ya utendi wenyewe. Ubeti unaotangulia unasema, "Maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka, sikupata kutamka, neno lema kukwambia." "Lema" ni "jema". Anayeita ni mgonjwa wa mwaka mzima, anayeitwa ni binti yake, na wino na karatasi haviombwi kwa ajili ya kupamba bali kwa sababu muda umekuwa mfupi. Mtu akiutoa ubeti peke yake ataona wito mzuri wa kuandika, na hatakosea. Lakini akiurudisha mahali pake ataona kwamba mama anaandika kwa kuchelewa, na analijua hilo. Tofauti ya usomaji huo wa kwanza na wa pili ndiyo ninayoiita kutafakari, na haipatikani kwa kukodolea macho mishororo minne bila kugeuza ukurasa uliotangulia.

Swali la nani anayesema wakati mwingine lina jibu lenye tabaka mbili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi mwaka 1840, anaanza shairi lake maarufu kwa kusema, "Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele." Nusu ya kwanza ya mshororo huo imekuwa methali ya kila siku, na wengi huiandika kwa jina la Muyaka. Tazama nusu ya pili: ndivyo wasemavyo wazee. Muyaka mwenyewe ananukuu. Katika daftari langu, kwa hiyo, ukurasa huo una jina la Muyaka na chini yake neno "wavyele", na nikiisema mbele ya watu naisema yote, kwa sababu mshairi aliyetoa heshima kwa waliomtangulia hastahili kunyang'anywa heshima hiyo na sisi tunaomsifu.

Nukuu kuhusu maisha ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko zote, kwa kuwa ni rahisi kuzigeuza fimbo ya kumpigia jirani. Mfano wangu ni ubeti huu wa shairi la Al-Inkishafi, lililotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19:

Suu ulimwengu bahari tesi
una matumbawe na mangi masi
aurakibuo juwa ni mwasi
kwa kula khasara ukhasiriye

Hapa kuna mtego wa lugha ambao msomaji wa leo huuangukia bila kujua. Sisi tunasema mtu amekula hasara, kwa hiyo jicho linapita kwenye "kwa kula khasara" na kuona kula kwa mdomo. Katika lahaja ya kaskazini, "kula" ni "kila", na mshairi anasema kwamba anayeupanda ulimwengu huo amekhasiri kwa kila hasara, yaani hakuna aina ya hasara iliyomkosa. Neno "aurakibuo" nalo ni la mpanda chombo, na "matumbawe" ni yale yanayopasua jahazi, na "bahari tesi" ni bahari iliyochafuka, hivyo mfano mzima ni wa watu walioijua bahari kwa mikono yao. Usiandike tafakari yoyote kabla hujatatua maneno ya namna hii, maana tafakari iliyojengwa juu ya neno lililosomwa vibaya inakuwa mali yako peke yako, wala mshairi hahusiki nayo.

Kisha rudi kwenye swali la anayeambiwa. Mshairi huyu hamwambii jirani, wala hahubirii umati: anauambia moyo wake mwenyewe, "Moyo wangu", na kuukumbusha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu ambamo makinda ya popo wanabembea. Mtu anayeutumia ubeti wa bahari tesi kumkemea mwenye kupenda dunia ameupeleka mahali ambapo mtunzi hakuupeleka. Mimi huiandika tafakari ya nukuu kama hii katika nafsi ya kwanza tu, na nikijikuta nimeandika "watu wa siku hizi" nafuta sentensi yote na kuanza upya.

Kwa nukuu za kigeni utaratibu ni ule ule, isipokuwa uandike kwamba tafsiri ni ya nani. Francis Bacon, katika insha yake kuhusu kusoma iliyochapishwa Uingereza mwaka 1597, anasema, kwa tafsiri yangu, kwamba vitabu vingine ni vya kuonja, vingine ni vya kumeza, na vichache ni vya kutafuna na kumeng'enya. Wanaonukuu huishia hapo. Yeye aliendelea kufafanua: kuonja ni kusoma sehemu tu, kumeza ni kusoma bila kuchunguza sana, na kutafuna ni kusoma chote kwa bidii na umakini. Ongeza sentensi moja ya kabla na moja ya baada kila unaponakili nathari, na mara nyingi zitakueleza zaidi ya ile uliyoipenda.

Daftari likifika kurasa 60 au 70 utaanza kupotea ndani yake, na hapo unahitaji faharasa. Njia ninayoipenda ni ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke, aliyoichapisha kwa Kifaransa mwaka 1686: kila mada huwekwa chini ya herufi yake ya kwanza pamoja na irabu inayofuata, na faharasa yote hutosha katika kurasa mbili. Ukiitumia kwa Kiswahili bila kuirekebisha, kusoma, kuandika, kuishi na kufa zitarundikana zote chini ya Ku. Basi tumia mzizi. Soma iende So. Andika iende Ai, kwa kuwa irabu inayofuata A ni i. Kifo na kufa zikae pamoja chini ya Fa. Uzee uende Ze. Karibu na kila mada andika namba za kurasa tu.

Nafasi iliyobaki chini ya nukuu ni kwa ajili ya kurudi. Chagua siku moja kila mwezi, fungua kurasa tatu au nne za zamani, soma kwa sauti, andika tarehe ya siku hiyo na sentensi chache kuhusu unachokisikia sasa. Usisome ulichoandika zamani hadi umalize kuandika kipya. Funika kwa karatasi ikibidi. Kuna kurasa zitakazonyamaza kila mara, nazo unaweza kuziacha zinyamaze.

Ukurasa wangu wa Mwana Kupona una tarehe tatu. Chini ya ya kwanza niliandika kuhusu vina, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Chini ya ya pili niliandika kuhusu utii wa mabinti, na leo sioni kama nilikuwa nimesoma ubeti ule. Ya tatu ni ya mwezi ambao mama yangu alianza kushindwa kutembea hadi uani, nilipoisoma tena "sikupata kutamka neno lema kukwambia" na kulichukua daftari lenyewe nikaenda kukaa karibu na kitanda chake. Chini ya tarehe hiyo hakuna tafakari. Kuna majina ya bibi zake wanne, kama alivyonitajia, na kijiji alikozikwa kila mmoja.